Ngazi Niliyoichora Mwenyewe

Barua iliyomfuta mwanangu katika rejista ya wakunga ililetwa Jumanne asubuhi na tarishi wa hospitali, nikiwa kibarazani namweleza fundi baiskeli tofauti ya tume na kikosi kazi. Fundi ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na banda lake la kazi linatazamana na mlango wangu. Alikuwa amesikia redioni kwamba mwenyekiti mmoja wa serikali ameondolewa kwa tangazo la mstari mmoja, na mwingine, ambaye watu wamemlalamikia miaka miwili, hagusiki.

"Mzee Ibara, hawa si wote wanakula meza moja?" aliniuliza huku akizungusha gurudumu lililopinda.

"Hawali meza moja," nilimjibu. "Wa kwanza ofisi yake imezaliwa na kalamu ya mkubwa. Wa pili ofisi yake imezaliwa na Katiba. Huyo wa pili, hata mkubwa mwenyewe akinuna, ataendelea kukaa pale."

Jina la Mzee Ibara nilipewa na watu wa mtaa, nami sikulikataa. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, nikipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, kabla mashine hazijatupunguzia kazi na baadaye kutuondoa kabisa. Niliingia pale na darasa la nne. Kusoma kwenyewe nilisomea masomo ya jioni, miaka saba, nikitoka kazini moja kwa moja na wino bado uko kwenye kucha. Mwalimu wetu wa uraia alikuwa mtu mfupi mwenye koti moja, na alitufundisha kwamba ukitaka kukijua chombo cha serikali usitazame ukubwa wa jengo wala bendera mlangoni. Uliza kimezaliwa na nani. Kipo kilichotajwa ndani ya Katiba yenyewe, kwa jina na kwa ibara yake, kama tume ya utumishi wa umma; hicho hakifutwi mpaka Katiba ibadilishwe. Kipo kilichoundwa na sheria ya Bunge, kama baraza la wauguzi na wakunga. Hicho kinafanya yale tu ambayo sheria yake imekipa, na Bunge lililokiunda linaweza kukivunja. Na kipo kilichoundwa na serikali kwa amri yake yenyewe, kamati, kikosi kazi, jopo la uchunguzi; hicho asubuhi unakiona na jioni hukioni.

Katika daftari langu nilichora ngazi. Juu kabisa niliandika Katiba, katikati sheria, chini amri ya serikali, na kwenye kila kipandio nikaorodhesha vyombo vyake. Mwalimu hakuichora ngazi hiyo ubaoni. Niliichora mimi, nyumbani, kwa rula, na kwa miaka arobaini nimewaonyesha watu wengi ukurasa ule.

Mwanangu alitoka ndani akifuta mikono, akasaini kuipokea barua, akaisoma akiwa amesimama. Halafu akanipa.

"Soma, Baba. Wewe ndiye msomaji."

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia wodini. Mumewe alipofariki alirudi kwetu na sanduku moja na sare tatu. Yaliyotokea yalikuwa yanajulikana nyumbani tangu miezi mitatu iliyopita. Katika zamu ya mchana aliachwa peke yake na vyumba viwili, kwa kuwa mwenzake alikuwa amehamishiwa hospitali nyingine asubuhi ileile. Mzazi mmoja, aliyejifungua saa moja kabla, alianza kuvuja damu chumba cha pili. Mwanangu alimkimbilia. Alipokuwa anaizuia ile damu, mzazi wa chumba cha kwanza alijifungua peke yake, kitovu kikiwa kimemzunguka mtoto shingoni. Mama mwenye damu aliishi. Mtoto yule hakuishi. Baraza likaandika kwamba mkunga "aliacha mzazi bila uangalizi" na kwa hiyo jina lake limefutwa. Daftari la zamu, lililoonyesha kwamba alikuwa peke yake, halikutajwa hata mara moja.

Aya ya mwisho ilisema anaweza kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ya Baraza ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Tarehe ya barua ilikuwa siku ileile.

Fundi alizima redio yake. Mke wake, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, alichungulia mlangoni akauliza kuna nini, na mumewe akamwashiria arudi ndani.

Ijumaa yake alikuja Sindano. Ni mkunga mwenzake mwanangu. Wenzao walimbatiza jina hilo kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Aliniamkia, akakataa kiti, akazungumza akiwa amesimama na mkoba begani.

"Mzee, nisikilize kidogo. Ile rufaa ipelekeni Bodi wiki hii, msingoje wiki ijayo. Na huku mnapeleka, mwende kwenye kile kikosi kazi cha huduma za uzazi. Mwenyekiti wake ni daktari mstaafu, anapokea watu bila miadi. Anachukua simu, anampigia msajili palepale mbele yako. Wakunga wawili wa mkoa wa pili wamerudishwa hivyohivyo."

"Kikosi kazi," nilisema.

"Ndiyo, kikosi kazi."

"Binti yangu, unajua kikosi kazi kimeundwa na nini? Na waraka. Kurasa mbili. Hakina sheria, hakina ibara. Mtu anampigia mtu simu, hiyo si haki, huo ni ujamaa wa kujuana."

"Mimi sijui kimeundwa na nini, Mzee. Najua simu ikipigwa inapokelewa."

Mke wangu alicheka jikoni. Nilifungua daftari, nikamwonyesha Sindano ngazi. Nikamweleza kwamba mwanangu ni mtumishi wa umma, ameajiriwa na Tume ya Utumishi, na Tume ile ni chombo cha Katiba. Baraza la Wakunga na hiyo Bodi yake ni watoto wa sheria ya Bunge. Kwa nini tuanzie kipandio cha kati, tuombe huruma kwa walewale waliotufuta, wakati tunaweza kuanzia juu? Tume ikisema, Baraza litainama.

"Na zile siku thelathini?" aliuliza Sindano.

"Shauri likiwa mbele ya chombo cha juu, siku za chombo cha chini zinasimama."

"Nani amekuambia zinasimama?" Huyo alikuwa mke wangu, ametoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni mantiki."

"Mantiki hiyohiyo ilitupandisha treni ya kurudi tulipokuwa tunakwenda harusini kwa dada yangu."

"Ratiba ile ilichapwa kwangu. Niliisoma sawasawa."

"Uliisoma sawasawa," alisema mke wangu. "Treni ndiyo haikuisoma."

Sindano alicheka, hata mwanangu alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu sote watatu tukamtazama yeye, maana jina lililofutwa lilikuwa lake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakuna kucha ya kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya utotoni nikimkagua hesabu.

"Baba anajua mambo haya," alisema. "Ametusomesha sote kwa mambo haya. Tuanzie Tume."

Sindano aliweka mkoba wake sawa begani. "Haya. Mimi nimesema." Akaniaga kwa heshima, na akaondoka.

Barua ya malalamiko niliiandika siku tano, kwa mkono, kisha nikaipeleka kwa mpiga chapa wa stendi na kusimama nyuma yake ili asiharibu aya. Ilikuwa na kurasa nne na ilitaja ibara sita. Sioni haya kusema ilikuwa barua nzuri. Mwanangu alitia sahihi chini bila kuisoma tena.

Siku ya kumi na nne tulikwenda Tume, mimi na yeye, nimevaa suti yangu ya kustaafia. Jengo lilikuwa tulivu. Ngazi zake zilikuwa zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na kila mlango ulikuwa na kibao cha shaba kilichochongwa vizuri, nafasi kati ya herufi na herufi imepimwa. Afisa malalamiko, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alituketisha, akasoma kurasa zote nne bila kuruka, jambo ambalo sijaliona katika ofisi nyingine yoyote.

"Umeandika wewe, Mzee?"

"Nimeandika mimi."

"Imeandikwa vizuri sana." Aligeuza ukurasa wa mwisho. "Mmeshakata rufaa Bodi?"

"Tumeanzia juu," nilisema.

Alinitazama juu ya miwani, kitambo kidogo tu. Halafu akaandika jambo pembeni, akapiga muhuri wa kupokelewa, akatupa nakala yetu. "Mtajibiwa kwa maandishi," alisema.

Nilitoka pale nimenyoosha mgongo. Ndani ya basi nilimweleza mwanangu kwamba hiyo ndiyo tofauti ya ofisi yenye mzizi: hawapigi kelele, hawakuulizi umetumwa na nani. Alikuwa ameishika ile nakala kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

Tukangoja. Kila Jumamosi alizifua sare zake tatu, akazipiga pasi, akazitundika. Kila Jumapili mchana mke wa fundi alikuja kama alivyozoea, akalala mkekani sebuleni, lakini hakupapaswa tumbo. Walizungumza tu, na mwanangu alimwambia angoje kidogo, shauri liko Tume, halitachukua muda. "Mikono yako naiamini kuliko ile mashine yao," mke wa fundi alimwambia. "Mimba zangu mbili za kwanza uliniambia mtoto kalalaje kabla ya mtu mwingine yeyote." Mwanangu alikuwa anajibu kwa kichwa.

Siku ya thelathini mke wangu aliweka chai mezani, akabaki amesimama.

"Leo ni thelathini."

"Zimesimama," nilisema.

"Nenda hata ukaulize."

"Nikiuliza nitaonekana sina imani na Tume."

Alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. Ofisi ya Bodi ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na siku hiyo sikuwa na kazi yoyote. Nilishinda kibarazani nikimsomea fundi gazeti.

Jibu la Tume lilikuja siku ya thelathini na sita, katika bahasha nene, na lilichapwa kwa usafi uleule. Walisema wameyapitia malalamiko kwa makini. Walisema Tume ni mamlaka ya ajira, nidhamu ya kazi na vyeo vya watumishi, na katika hayo haiingiliwi na mtu yeyote. Lakini rejista ya wakunga ni mali ya Baraza kwa mujibu wa sheria ya Baraza, na Tume haina mamlaka ya kumrudisha mtu katika rejista isiyo yake. Kama jina lingerudi, Tume ingefurahi kumpokea kazini. "Mlalamikaji anashauriwa," walimaliza, "kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ndani ya muda uliowekwa na sheria."

Niliisoma mara tatu. Hapakuwa na kosa. Kila neno lilikuwa mahali pake. Chombo kile kilikuwa huru kama nilivyowafundisha watu miaka arobaini, na kwa kuwa hakikutaka kuingiliwa, hakikumwingilia mwenzake. Juu na chini ambayo niliiona mimi, wao hawakuwa nayo. Kila mmoja alikuwa na uwanja wake na ua wake.

"Wanasemaje, Baba?" mwanangu aliuliza.

"Wanasema twende Bodi."

Alihesabu kwa vidole, polepole, ingawa alikuwa anajua hesabu ile vizuri kuliko mimi. Akaingia chumbani.

Kesho yake nilikwenda Bodi peke yangu, nilimwambia apumzike. Karani wa dirishani alikuwa kijana mpole mwenye kikohozi. Alitazama tarehe ya barua ya kufutwa, akatazama kalenda ukutani, akanivutia fomu ndefu.

"Hii ni ya kuomba kupokelewa nje ya muda, Mzee. Sababu zinazokubalika zimeandikwa hapa. Ugonjwa, msiba, maafa, au mrufani kuwa kizuizini. Ipi ni yenu?"

"Hakuna."

"Basi andika hapo chini, kwenye nyinginezo. Wenyewe wataamua, ingawa sikupi matumaini."

Nilikaa kwenye benchi nikaishika kalamu. Nimeandikia watu wengi barua, nimewaandikia maombi ya kazi na ya viwanja na ya kuacha wake. Pale mistari mitatu ilinishinda. Mwishowe niliandika: *Baba wa mrufani aliamini kuwa Tume ya kikatiba iko juu ya Bodi na kwamba muda umesimama.* Nikaipitisha dirishani.

Karani aliisoma, akaisoma tena.

"Hilo ni kosa la baba," alisema kwa upole. "Sheria inamuuliza mrufani. Yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa ananisikiliza mimi."

Kijana alikohoa, akaangalia pembeni. Halafu, labda kwa kunionea huruma, alitoa kabatini kitabu cha Sheria ya Wauguzi na Wakunga, nakala ya zamani iliyoshonwa upya, akakifungua kwenye kifungu cha ishirini na saba. Rufaa yoyote haitapokelewa baada ya siku thelathini, na kuwapo kwa shauri hilo mbele ya mamlaka nyingine yoyote hakutasimamisha muda huo.

Niliinama zaidi. Katika neno "Rufaa" herufi R ilikuwa na pengo dogo mguuni. Niliijua R ile. Ilikuwa katika kasha langu, safu ya pili, na miaka yote nilimwomba msimamizi aniletee nyingine, hakuleta. Sheria ile niliipanga mimi. Mstari ule niliushika mkononi, herufi kwa herufi, zimepinduka kichwa chini, nikahesabu nafasi, nikakagua koma, nikaufunga kwa uzi. Karatasi ya majaribio niliisahihisha kwa penseli yangu. Hapakuwa na kosa hata moja katika kifungu kile, na sikuwa nimekisoma.

"Unakikumbuka, Mzee?" karani aliuliza, maana nilikuwa nimeweka kidole juu yake.

"Nilikichapa," nilimwambia. Sidhani alielewa.

Kutoka pale nilipanda basi kwenda kwenye kikosi kazi. Nilijua nakwenda wapi na nilikuwa nimesema nini juu yake mbele ya watu wa nyumbani, lakini miguu ilikwenda. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la kukodi. Ngazini nilipishana na watu wawili wamebeba meza, na mwingine ameshika viti vinne, viwili kila mkono. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mzee wa rika langu, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa anafunga majalada kwa kamba.

"Karibu," alisema. "Kukaa hatuna pa kukaa, utanisamehe."

Nilimpa jalada letu. Alilisoma akiwa ameegemea dirisha. Alifika kwenye nakala ya daftari la zamu, akasimama hapo muda mrefu, akapitisha kidole kwenye safu ya majina ambayo ilikuwa na jina moja tu.

"Alikuwa peke yake."

"Alikuwa peke yake, Daktari."

"Na yule mwenye damu aliishi." Alifunga jalada. "Rufaa hii mngeshinda, Mzee wangu. Sikwambii kukutia moyo. Mngeshinda asubuhi, kabla ya chai. Mmekwama wapi?"

Nilimweleza. Sikumficha kitu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akainua mkono wa simu iliyokuwa sakafuni, akanionyesha waya wake. Haukuwa umechomekwa popote.

"Wiki iliyopita ningempigia msajili. Ni mwanafunzi wangu, angenisikiliza, hata siku zikiwa zimepita angetafuta njia ya kulirudisha shauri mwenyewe. Ijumaa tumevunjwa. Ripoti tumekabidhi, shukrani tumepewa. Leo nikimpigia ni mzee tu anayemsumbua mtu kazini, na ameshawekewa msajili mkuu juu yake."

"Mmevunjwa kwa tangazo namba ngapi?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Ni mazoea.

Alinitajia namba. Niliiandika nyuma ya bahasha.

Nyumbani walikuwa wananingoja wote wawili, chakula kimefunikwa. Niliwaeleza kwa mpangilio, kwanza Bodi, halafu kikosi kazi, na nilipofika kwenye ile R yenye pengo nikairuka. Mahakama Kuu ipo, niliwaambia. Wakili wa mtaa wa juu nilimpitia, akasema miaka mitatu, minne, na majaji hawapendi mtu aliyelala muda wa rufaa ukampita. Kinachobaki ni kifungu cha thelathini na moja. Aliyefutwa anaweza kuomba kusajiliwa upya baada ya miaka mitano.

"Nitakuwa na hamsini kasoro moja," alisema mwanangu.

"Nisamehe."

"Nilisaini mimi, Baba."

Nilimtazama mke wangu. Nilitaka aseme kitu cha treni. Nilikitaka sana. Alifunua chakula, akanipakulia, akaniwekea kijiko upande wa kulia kama kawaida.

Sare ziliendelea kutundikwa, lakini Jumamosi iliyofuata hazikufuliwa.

Wiki saba zilipita, na ile fomu ya Bodi ikarudi na muhuri wa kukataliwa. Jumapili moja mchana mke wa fundi alikuja, safari hii anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa ameingia mwezi wa nane. Alijilaza mkekani bila kuulizwa, akafungua kanga tumboni.

"Tangu juzi si yule wa siku zote," alimwambia mwanangu. "Amenikaa vibaya. Hapa juu pana kitu kigumu, huku chini ananipiga mateke. Weka mkono uniambie."

"Nenda hospitali kesho asubuhi."

"Nilikwenda Alhamisi. Nimekaa foleni mpaka saa tisa, wakanipa tarehe ya wiki mbili mbele. Weka mkono tu, dada. Nani atajua?"

Mwanangu alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka. Mikono ilikuwa imeshatangulia, iko hewani juu ya tumbo lile, vidole vimefunguka. Akanigeukia. Nilikuwa kwenye kiti changu karibu na dirisha na daftari halikuwa mapajani.

"Baba. Sheria inasemaje?"

Nilijua, maana safari hii nilikuwa nimeisoma yote. Kifungu cha kumi na tisa. Mtu asiyekuwamo katika rejista atakayempima, kumpapasa, kumzalisha au kumshauri mjamzito kwa namna ya mkunga, ametenda kosa. Na akipatikana na kosa, hataomba kusajiliwa tena maisha yake yote. Ile miaka mitano ingeondoka nayo.

"Mzee Ibara," mke wa fundi aliniita kutoka chini, "inakataza hata mkono?"

"Inakataza."

Mwanangu alirudisha mikono yake, akaikalia. Nilimwona akijiinua kidogo na kuisukuma chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Basi tumia yako," alimwambia mke wa fundi. "Weka huu wa kulia hapo juu, chini ya mbavu. Bonyeza taratibu. Ni pa mviringo? Panacheza ukipasukuma?"

Kifungu kinataja pia ushauri. Niliinuka, nikaenda nikafunga mlango wa kibarazani na dirisha lake, nikarudi nikakaa.

"Panacheza kidogo," alisema mke wa fundi. "Au ni mimi ninayehema. Sijui, dada. Pagumu vile kama goti."

"Goti au kichwa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Shuka chini. Bonyeza juu ya mfupa. Panakuwaje?"

"Laini. Hapana, siyo laini. Ngoja." Alihangaika, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Wewe ukishika unajua mara moja."

"Ndiyo."

"Sasa kalalaje?"

Mwanangu aliinama mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na lile tumbo. Likapanda upande mmoja, likashuka. Alilitazama muda mrefu, mikono bado iko chini yake.

"Huenda kakaa matako chini," alisema. "Huenda siyo. Kwa mikono ya mtu mwingine siwezi kujua."

Mke wa fundi alifunika tumbo. Kisha akamwomba amsaidie kuinuka. Mwanangu akanitazama tena, akiuliza kwa macho tu, kama kumwinua mtu nako kumeandikwa mahali.

"Hilo halijakatazwa," nilisema, nikaenda nikamshika mkono wa upande wa pili.